Siku moja maishani mwangu: paa linalovuja bila mvua

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu, maana usiku anga lilikuwa jeupe limejaa nyota, na usiku wa namna hiyo huku milimani bati linapoa kuliko hata hewa yenyewe, nami nilitaka nilikute bado na baridi yake. Wiki iliyopita mzee mmoja alinipigia akasema fundi, paa langu linavuja, nikamuuliza mvua ilinyesha lini, akanyamaza kidogo akasema mbona haijanyesha siku nyingi.

Saa 12 na nusu. Tuko darini, mimi na kijana ninayemfundisha, tochi mkononi. Upande wa chini wa bati wote umetanda barafu nyembamba kama chumvi, ukipitisha kidole inageuka maji. Na kila ncha ya msumari iliyotokeza chini ya papi (mbao za kupigilia bati) ina kitone chake kimeganda. Tukakaa kimya tukisubiri jua. Lilipogonga paa hazikupita dakika nyingi, tap, tap, tap, kila kona ya dari, na mzee toka huko chini, "Si unasikia fundi, linavuja hilo!" Nikamjibu shikamoo mzee, haya maji hayajatoka juu, yametoka jikoni kwako.

Yaani mvuke wa kupikia, wa kuogea, hata pumzi za watu waliolala, vyote vinapanda juu, vikikuta bati limeachia joto lake angani usiku kucha hakuna wingu la kulifunika, vinaganda hapo. Kumulika vizuri tukakuta bomba la feni ya jikoni limeishia humohumo darini! Aliyeezeka mwanzo alilaza bati moja kwa moja kwenye papi, chini hakuna kitu, na kofia, lile bati la kufunika kilele cha paa, kaiziba kabisa, hewa haina pa kutokea. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu mzee alishabadilisha mbao za dari mara mbili akidhani bati limetoboka.

Saa 2 mpaka saa 7. Leo ni upande mmoja tu wa paa. Kung'oa hakukuwa kazi, misumari mingi ilitoka kwa vidole. Bati la mita 6 likitoka nyuzi sifuri alfajiri likafika nyuzi 60 mchana (na jua la juu huku linachoma kweli) linarefuka milimita 4 na kitu, jioni linarudi, kesho tena, sasa msumari uliogongwa kwenye mbao utavumilia miaka mingapi? Ndio maana natumia skrubu zenye washa ya raba, kile kipete cha chini ya kichwa cha skrubu. Nikamwonyesha kijana, kaza mpaka raba ianze kutokeza kidogo tu pembeni ya chuma, hapo simama. Ikitambaa nje imelala bapa umezidisha, itapasuka, na ukiweza kuizungusha kwa kidole umepunguza. Alirudia kama kumi hivi mbele yangu kabla sijamwachia drili.

Kabla ya bati tukatandaza membreni, shuka jembamba linalozuia maji ila mvuke inaupitisha, juu yake vibao vinavyofuata kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kushuka chini, halafu ndio papi, ili kati ya bati na membreni hewa iingie chini kwenye ukingo itokee juu kwenye kofia. Tukaanza kulaza toka mwisho wa paa ulio mbali na upepo tukiufuata unakotokea, mdomo wa kila maungio ukaupa upepo mgongo. Pembeni, kwenye kona na karibu na kofia nimeongeza skrubu, maana upepo haulikandamizi paa tu, unalinyonya kwenda juu, na huko kingoni ndiko unakoanzia kung'oa.

Kukata ni mkasi wa bati, grainda sitaki kuiona. Cheche zake zinaunguza rangi na ile ngozi ya zinki na alumini inayolinda chuma, vumbi lake likilala juu ya bati linashika kutu, mtu anadhani kauziwa bati bovu.

Saa 8 mchana. Upepo umepanda, tukashuka. Ukishika bati zima kwenye upepo huu linakuangusha, na siwezi kubishana na hilo hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Saa 9. Tumepita kupima nyumba ya mama mmoja huko juu zaidi theluji inakolala. Alikuwa ameshachagua bati la geji 30 (geji ni namba ya unene wa bati) akiamini ni nene kuliko 28, nikamweleza namba ikipanda bati linakuwa jembamba, la 30 lina kama milimita 0.3 tu. Akaniuliza, "Kwahiyo bati nene linatosha?" Hapana mama, uzito wa theluji unabebwa na kenchi na papi, hizo tuzipigie hesabu kwanza, tena theluji ikilowa inakuwa nzito mara kadhaa kuliko ikiwa mpya. Na juu ya mlango tuweke vizuizi vyake, kwa sababu bati linateleza, theluji hushuka yote kwa mkupuo na watoto wanapita hapohapo. Hilo la watoto ndilo lililomfanya aite mumewe aje asikilize.

Saa 11 jioni. Upepo umetulia, tumerudi kwa mzee kufunga kofia yenye matundu na wavu wa kuzuia wadudu, upande wa zamani tumeuacha mpaka kesho. Bomba la jikoni tumelitoboza ukutani likatoka nje, na nyufa za dari tumeziba.

Saa 1 usiku. Nyota zimeanza kutoka, anga jeupe tena. Nimetandaza magazeti makavu juu ya dari, nusu chini ya bati jipya na nusu chini ya lile la zamani. Mzee amekaa na tochi yangu, kasema saa 1 na nusu asubuhi atapanda mwenyewe.