Nilivyoacha kuwadai watu hatua 10,000

Programu yangu ya kuhesabu hatua ilikuwa inafutwa kabla wiki haijaisha. Nikadhani tatizo ni rangi, nikabadilisha rangi. Wapi!

Aliyenifumbua macho ni mama mdogo. "Mwanangu, hiki kitu chako kila jioni kinaniambia nimeshindwa. Nimeshindwa nini, na nimesimama dukani tangu alfajiri?" Alikuwa anatembea hatua kama 2,800 kwa siku, mimi nilimwekea 10,000, sawa na kila mtu. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha Kijapani cha mwaka 1965, Manpo-kei, yaani "kipima hatua 10,000". Jina tamu la biashara, si agizo la daktari.

Nikaitoa. Sasa programu inachukua hatua za siku tisa zilizopita za mtumiaji mwenyewe, inazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na namba ya sita ndiyo lengo la kesho. Wastani niliukataa: siku moja ya harusi inatosha kuuharibu. Ukiugua, lengo linashuka lenyewe, hubebi deni. Siku tisa za mwanzo haimpi mtu lengo lolote, inahesabu tu.

Neno "umeshindwa" nalo nimelifuta. Jioni inasema: "Zimebaki hatua 300, kama dakika tatu."

Kulibaki jambo moja la kijinga: mama mdogo alikuwa anaiacha simu mezani. Alipoanza kutembea nayo, lengo lake likapanda taratibu hadi 3,400. Juzi kanipigia, analalamika chaji inaisha haraka.