Mlio wa Pikapu kwenye Mteremko wa Feri

Mei 1994, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa mwanagenzi katika gereji moja ya Changamwe, Mombasa, na pikapu ya Datsun 1200 iliyochukua madafu kutoka Likoni hadi soko la Kongowea ililetwa kwetu kwa mara ya tatu. Kila ilipotoka kwenye feri na kuanza kupanda mteremko na shehena yake, ililipuka kwa kishindo, wapita njia wakiruka kando. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara mbili, nikaosha jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, nikabadilisha gasketi na kuongeza petroli kwenye mchanganyiko. Bado hunisikitisha kwamba mteja alilipia kazi hiyo yote.

Mzee aliyenifunza hakugusa spana. Alimuuliza mteja kwanza mlio hutokea wapi, juu kwenye kabureta au nyuma kwenye ekzosi. Mteja akajibu kuwa ni juu, hata kichujio cha hewa kimeungua ukingoni.

"Mwanangu," Mzee akaniambia, "inayolipuka nyuma ni petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda. Ikilipuka juu, ama petroli ni chache mno, ama vali ya kuingiza haifungi, ama cheche imekuja vali hiyo ingali wazi. Petroli umeiongeza, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, tumepima ni sawa, basi vali inafunga. Fungua distribyuta."

Nilikifuta kwa kitambaa kikavu kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi za silinda umeme wa cheche kwa zamu, nikakielekeza mlangoni penye mwanga. Ndani yake, kati ya ncha ya silinda ya 3 na ya 4, ulipita mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, nao haukufutika: ulikuwa kaboni. Injini ile huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Umeme wa silinda ya 3 ulikuwa ukitambaa juu ya kaboni ile, hasa penye unyevu, ukaifikia silinda ya 4 wakati pistoni yake ndiyo kwanza imefika chini na vali ya kuingiza haijafunga, kwa hiyo moto ukarudi juu. Kwenye mteremko hali ilizidi, kwa kuwa injini yenye mzigo hudai umeme wenye nguvu zaidi ili cheche iruke kwenye plagi, na umeme huo ulikuwa umekwisha kupata njia nyepesi.

Tuliweka kifuniko kipya na rota mpya, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko, nikairudisha kabureta kwenye kipimo chake. Kesho yake alfajiri nilipanda pikapu ile pamoja na mteja, tukavuka kutoka Likoni. Mteremkoni nilitega sikio kila alipobadilisha gia, na sikusikia ila mngurumo wa injini na madafu yakigongana nyuma yetu.