Video ilikuwa inakesha kwenye seva ya kori 16: nilivyotatua

Wenye studio za harusi, hii iwafae. Hapa Ngamiani, Tanga, tunatumia seva ya mtumba yenye prosesa mbili za Xeon E5-2670 za mwaka 2012, kori 8 (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) kila moja. Kutuliza klipu moja inayotikisika kulikuwa kunakula usiku kucha. Nikaongeza RAM, nikafunga SSD, nikapiga Windows upya, wapi!

Jibu lilikuwa kwenye Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha prosesa inavyotumika. Grafu ya jumla inaonyesha prosesa imepumzika kabisa. Lakini bofya kulia juu yake, uigawe kwa kila uzi (njia ya kupitisha kazi; kila kori ya Xeon hii ina mbili): vijigrafu 32 vinatokea, kimoja kimegota juu, vingine vimelala. Kumbe kazi ile haigawanyiki! Hapo kinachohesabika ni kasi ya kori moja tu. Xeon hiyo inaishia gigahezi 3.3, yaani mizunguko bilioni 3.3 kwa sekunde. Prosesa ya laptopu, Ryzen 7 5800U, hufika 4.4, na katika kila mzunguko hufanya kazi nyingi zaidi.

Hatua hiyo ya kutuliza klipu nikaihamishia kwenye laptopu, chaja imechomekwa, nyuma nimeiinua hewa ipite, maana ikichemka inajishusha kasi. Sasa inamalizika kabla ya chakula cha mchana. Kugeuza fomati ya klipu nyingi kwa mpigo bado naiachia seva, maana kazi hiyo hugawanyika.