Moja Iliyogeuka Sifuri

Kompyuta ile niliipata Desemba 2020, mwezi mmoja tu baada ya Apple kutoa mashine za kwanza zenye chipu ya M1. Wenzangu walisifu kasi yake na jinsi isivyopata joto. Mimi nilikuwa na tasnifu ya kumaliza, na hesabu zangu zote zilikuwa ndani ya R, lugha ya programu ya takwimu, ambayo haikuwa bado na toleo la chipu hiyo.

Niseme ukweli: R iliwaka tangu siku ya kwanza. Toleo la vichakataji vya Intel lilipitia kwa mkalimani aitwaye Rosetta 2, anayegeuza maagizo ya x86, yaani ya chipu za Intel, kuwa ya arm64, yaani ya M1, na kama hujaambiwa usingejua. Ila kielelezo changu cha takwimu kilichukua dakika 40, karibu sawa na kwenye kompyuta yangu kuukuu. Ni kama kununua farasi kisha ukamfungia mkokoteni wa punda.

Nikangoja. Kilichochelewesha mambo si uzembe wa mtu. R imebeba Fortran, lugha kongwe ya programu, nyingi tumboni, hasa kwenye hesabu za matriksi, na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya chipu) huru ya Fortran kwa mashine hizo ilikuwa bado ya majaribio. Halafu kuna jambo lililonichekesha nilipolisoma: thamani inayokosekana, ile tunayoiandika NA, ndani ya R si kitu cha pekee. Ni NaN ya kawaida, alama ya kompyuta ya "si namba", iliyofichwa namba 1954 ndani yake. Waendelezaji walipaswa kujua kama namba hiyo ingesalimika hesabu zikipita kwenye chipu ya ukoo mwingine. Miaka yote nimejaza NA kwenye majedwali bila kujua kwamba nabeba mwaka mfukoni.

R 4.1.0 ilitoka tarehe 18 Mei 2021, ikiwa na toleo la arm64 kwa Mac. Usiku huohuo nikaiweka. Pakeji yangu mwenyewe, yaani kifurushi cha msimbo nilichoiandikia R, ikakataa kufunguka, kosa langu: nilikuwa nimeinakili kutoka folda ya zamani ilikokompailiwa kwa Intel. Nikaikompaili upya, ikakubali, nikaendesha majaribio yake ya kujikagua.

Moja likafeli.

Nilikuwa nimeandika pakeji ilinganishe jumla fulani na namba niliyoihifadhi mwaka uliotangulia, tarakimu kwa tarakimu. Sasa hazikufanana. Nikafuta kila kitu, nikaanza tena, jibu lilelile jipya. Nikarudi kwenye toleo la Intel chini ya mkalimani: namba ya zamani ikarudi, tulivu kabisa. Miezi mitano nimengoja programu, nayo imekuja na jibu lake.

Karibu saa nane usiku nikaacha kuhangaika na kielelezo, nikaiandikia R mstari mmoja: sum(c(1e16, 1, -1e16)), yaani chukua 1 yenye sifuri 16, ongeza 1, kisha toa ile namba kubwa. Mtoto wa shule anajua jibu ni 1. Toleo la Intel likasema 1. Toleo jipya likasema 0.

Hapo ndipo nikaelewa. Ndani ya sum, R hujumlisha kwa aina ya namba iitwayo long double. Kwenye Intel ina biti 80, kwa hiyo ile 1 ndogo hupata pa kukaa kando ya 1e16. Kwenye Mac za M1, long double ni double tu, aina ya kawaida ya namba za desimali, biti 64. Kwa ukubwa ule, namba zinazoandikika zinapishana kwa 2, basi 1 inamezwa kabla ya kutoa. Cha ajabu, hata mkalimani alikuwa akiziiga zile biti 80 kwa uaminifu. Ndiyo maana miezi yote ile sikuona chochote.

Asubuhi nikamwandikia msimamizi wangu barua ndefu yenye hofu. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Matokeo ya kielelezo yamebadilika kwenye tarakimu ya ngapi?"

"Ya 12, Profesa."

"Na majedwali yako yana tarakimu ngapi?"

"Tatu."

Hakuandika tena siku hiyo.

Hata hivyo sikuliacha. Data yangu ilikuwa na namba kubwa mno zenye tofauti ndogo, na nilikuwa nikizijumlisha hivyohivyo. Zile biti za ziada zilikuwa zikinifichia uzembe. Nikaondoa wastani kwanza kabla ya kujumlisha, tofauti baina ya matoleo mawili ikapungua sana. Jaribio nikalilegeza likubali tofauti ndogo, na kwenye kiambatisho cha tasnifu nikaandika toleo la R pamoja na aina ya chipu, kitu ambacho sikuwahi kukifikiria.

Kisha nikaendesha kielelezo chote upya, nikainuka kwenda kuosha vyombo. Kilimaliza kwa dakika 18, sufuria bado zikiwa zimelowekwa.