Mashine ya mazulia yenye kadi ya elektroniki: nilivyoipima kabla ya kutoa pesa, Lubumbashi

Kazi yangu ni kusafisha mazulia na moketi: ofisi za kampuni za migodi, korido za hoteli, misikiti, sebule za watu wa mitaa ya Golf na Bel-Air. Kwa miaka mingi nimetumia mashine za swichi, zile ambazo ukibonyeza pampu inaanza na ukibonyeza tena inazima. Siku hizi kila muuzaji anayenifikia ana mashine ya skrini. Unagusa kitufe, na kadi ya elektroniki iliyo ndani, yaani ubao wa saketi, inaamua mota ipi ianze, maji yapashwe joto kiasi gani, na tangi la maji machafu likijaa inasimamisha kazi yenyewe. Bei niliyotajiwa ilikaribia mara mbili ya mashine ya kawaida. Wenzangu wa kazi hii wameniuliza niliamuaje, nami nawaandikia yote, maana pesa ya mashine kama hiyo inatoka kwenye mishahara ya vijana na karo za watoto.

Kitu cha kwanza nilichopima hakikuwa mashine. Kilikuwa umeme. Nilichukua multimeta, kifaa cha kupima umeme, nikawa natembea nayo kila tunapokwenda kufanya kazi, nikiandika volti kwenye daftari pamoja na saa. Mchana, katikati ya mji, nilisoma 215 hadi 225, namba nzuri kabisa kwa umeme wetu wa volti 220. Jioni, Katuba na sehemu za Kampemba, watu wakiwasha majiko na pasi, ilishuka hadi 180 na wakati mwingine chini ya hapo. Usiku wa manane ikapanda hadi 240. Na sisi hoteli tunaifanyia kazi usiku, msikiti baada ya swala ya isha, ofisi baada ya wafanyakazi kuondoka. Kwa hiyo mashine inayong'aa saa nne asubuhi dukani kwa muuzaji ilikuwa bado haijanionyesha chochote.

Volti 180 zina maana gani kwa mashine? Tuanze na rezistansi ya kuchemsha maji, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Nguvu yake inafuata volti mara volti. Rezistansi iliyoandikwa wati 3,000 kwenye volti 220, ukiipa 180, inabaki na wati 2,000 tu. Sasa chukua mashine inayomwaga lita 3 za maji kwa dakika na kuyapasha yakiwa yanapita: wati 2,000 zitaongeza joto la maji hayo kwa digrii 10 hivi, basi. Mwezi wa sita hapa kwetu kuna baridi, maji ya bomba yanatoka mabaridi kweli kweli, na digrii 10 hazigeuzi maji baridi kuwa maji ya moto. Muuzaji alikuwa anarudia neno "maji ya moto" kila baada ya sentensi mbili. Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi, akanyamaza, akahamia kwenye rangi ya skrini.

Kwa upande wa mota za kufyonza, volti ikishuka nguvu ya kufyonza inashuka, na maji yanabaki ndani ya zulia. Kadi yenyewe ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Kuna kadi zinazopokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240 bila shida. Nyingine zina transfoma ndogo na rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na umeme, na volti ikipungua rilei inaanza kushika na kuachia, kushika na kuachia, mpaka midomo yake inaungua. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikawauliza wauzaji swali moja: kadi yenu inakata kazi kwenye volti ngapi, na inarudi kazini kwenye ngapi? Mmoja alinisomea karatasi ya matangazo. Mwingine alipiga simu Johannesburg, na baada ya muda akaniletea jibu lililoandikwa, lenye namba. Huyo wa pili ndiye niliyeendelea naye.

Neno kwa wanaotafuta mashine zilizotumika zinazoingia kwenye makontena kutoka Marekani. Nyingi ni za volti 115 na hezi 60, yaani umeme unaogeuka mara 60 kwa sekunde. Transfoma itakupa volti, lakini haibadilishi hezi. Sisi tuko kwenye 50. Mota ya kufyonza yenye makaa ya sharboni haijali hezi. Pampu yenye mota ya induksheni, ile isiyo na makaa, inajali: itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na itapata moto kuliko ilivyopangiwa. Na kadi inayopima muda wake kwa hezi za umeme nayo itapotea. Mashine kutoka Afrika Kusini hazina tatizo hilo, kwa sababu kule ni volti 230, karibu sawa na zetu, na hezi 50 kama kwetu. Unabadilisha plagi tu.

Kisha nilimwendea fundi mmoja mzee wa Komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayetengeneza mota tangu sijaolewa. Nilimpelekea picha za ndani za mashine zote mbili nilizokuwa nazifikiria. Alivaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mama, fundi haogopi elektroniki," akaniambia. "Anaogopa kadi iliyomwagiwa gundi yote na haina mchoro."

"Papa, si gundi hiyo ndiyo inayozuia maji?"

"Ndiyo. Inazuia maji, na inanizuia mimi pia."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo la kuangalia. Mashine ya kwanza ilikuwa na kadi moja kubwa, iliyofunikwa na gundi ngumu, ikibeba kila kitu: skrini, vihisi, na rilei za kuwasha mota. Kitu kimoja kikiungua, unanunua kadi nzima, na bei ya kadi ilikuwa karibu theluthi ya mashine. Mashine ya pili ilikuwa na kadi mbili. Ile ya skrini imefunikwa, sawa, maana ndiyo iliyo karibu na mikono yenye maji. Ile ya rilei iko peke yake kwenye sanduku lake, na rilei zimechomekwa, unaweza kuzichomoa. Papa fundi alisema rilei za aina hiyo zinapatikana mjini, na kwamba kadi ya skrini ikifa kabisa katikati ya kazi anaweza kuunga mota za kufyonza na pampu kwenye swichi za kawaida, tukamaliza kazi ya mteja. Kwangu mimi jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko vitufe vyote. Kadi mpya ikiagizwa inapita Zambia kwa lori na kungoja mpakani Kasumbalesa. Mteja wa hoteli hangoji.

Vumbi nalo. Anayeishi hapa anajua wekundu wa vumbi la Katanga mwezi wa nane, linavyoingia hata kwenye kabati lililofungwa. Wauzaji wengi wanajivunia alama ya IPX4. Tafsiri yake ni kwamba mashine imepimwa kwa maji yanayorukia, lakini ile X iliyo mahali pa namba ya kwanza inaonyesha kwamba kwa upande wa vumbi haikutajwa chochote. IP54 ingesema yote mawili. Ile niliyoipenda ilikuwa IPX4, kwa hiyo niliuliza feni ya kupoza inavuta hewa kutoka wapi. Ilivuta kutoka chini, pale pale vumbi lilipo. Tulishona kichujio cha kitambaa, tunakifua kila wiki. Na kanuni yetu ya zamani haijabadilika kwa sababu ya skrini: zulia linafyonzwa kavu kwanza, polepole, mara mbili kwenye njia za watu. Vumbi hilo likilowa linakuwa tope, na tope jekundu ndani ya zulia jeupe ni kazi ya siku nzima.

Jaribio lenyewe tulilifanya kwenye msikiti mmoja ambao tunausafisha kabla ya Ramadhani. Sheikh alituruhusu kutumia mashine ya muuzaji upande mmoja na yetu ya swichi upande mwingine, zulia lile lile, kijana yule yule akishika fimbo ya kumwaga na kufyonza maji. Kipimo ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya. Unatia lita 20 kwenye tangi la maji safi, unasafisha mpaka yaishe, kisha unapima maji machafu yaliyorudi. Yetu ya zamani ilirudisha lita 14. Ile ya elektroniki ilirudisha karibu 17. Tofauti ya lita 3 ndiyo inayoamua kama zulia litakauka kabla ya watu kurudi au litabaki na unyevu na kuanza kunuka. Asubuhi nilipitisha mkono pande zote mbili, na Sheikh naye akapitisha wa kwake. Alionyesha upande mkavu bila mimi kumwambia ulikuwa wa nani.

Nilitaka kujua sababu, kwa kuwa mota zake hazikuwa kubwa kuliko zetu. Sababu ni kwamba kadi inapunguza maji kwenye fimbo pale mota za kufyonza zinapoelemewa. Mashine yetu inaendelea kumwaga kiasi kile kile hata kama volti imeanguka. Hapo elektroniki ilistahili pesa yake, nakiri wazi, na ndicho kitu kimoja ambacho mkono wa kijana, hata awe mzoefu, hauwezi kukifanya usiku kucha.

Kuna mawili mengine niliyoyapenda. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ya swichi inaanza yenyewe gizani. Hii inabaki imezima mpaka mtu aiguse. Na mota zinapofanya kazi inaizima rezistansi, kisha inaiwasha tunaposogeza vitu, hivyo haivuki ampea 16. Dijonkteri, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, za nyumba nyingi tunazoingia ni hizo hizo 16.

Lililonisumbua ni povu. Mazulia ya majumbani huwa yamejaa sabuni ya unga iliyobaki kutoka kwa watu waliosafisha kabla yetu. Povu lilipopanda kwenye tangi, kihisi kilidhani ni maji, mashine ikasimama tangi likiwa nusu. Muuzaji aliiita hitilafu. Mimi sioni hivyo: mpira unaoelea wa mashine ya zamani ungeliacha povu lipite hadi kwenye mota. Sasa tunatia dawa ya kuua povu kwenye tangi kabla ya kuanza, na kazi inaendelea.

Kuhusu nguvu ya kufyonza iliyoandikwa kwenye karatasi, kumbukeni kwamba Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani, na namba ya juu ya ufyonzaji inapungua kwa kiasi kama hicho. Jenereta nayo hivyo hivyo. Yetu ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha nguvu yake) siihesabu kuwa 5. Naihesabu kuwa 4 na kidogo, na kwa kuwa mashine inabaki ndani ya ampea 16, inatosha.

Nikanunua ile ya kadi mbili. Kwenye mkataba niliweka kadi ya rilei ya akiba ije na mzigo ule ule, pamoja na mchoro wa nyaya uliochapishwa, na orodha ya alama za hitilafu zinazotokea kwenye skrini, ili tusihitaji kompyuta ya muuzaji kuzisoma. Alikataa mchoro mwanzoni. Nilipomwambia basi nabaki na mashine yangu, mchoro ukapatikana. Nilinunua pia stabilizateri ya kVA 5, kifaa cha kutuliza volti, na vijana wamezoea kungoja dakika chache umeme unaporudi kabla ya kuchomeka chochote.

Ya zamani sijaiuza. Inafanya ngazi na vyumba vidogo, na inakwenda kwenye nyumba ambazo volti yake daftari langu limeandika chini ya 180. Mashine mpya ina saa inayohesabu muda wa kila mota, na Papa fundi ameniomba nimpigie simu sharboni zikikaribia muda wake, azifungue kabla hazijakwisha na kuharibu mota. Ameshabandika namba za muda huo ndani ya mlango wa karakana yake.