Barua za Kazi kwa Kiingereza: Nilivyozizoea Hapa Malindi

Nimefanya kazi katika mahoteli ya Malindi miaka kumi na tisa, saba ya mwisho nikisimamia dobi, yaani sehemu ya kufulia na kupiga pasi. Kiitaliano nakisema vizuri, kwa kuwa nilianza nikiwa msichana, nikisafisha vila za Waitaliano upande wa Casuarina. Kiingereza cha wageni nacho nakiweza. Kilichokuwa kikinitia baridi ni kile Kiingereza cha ofisini, cha kupunguza watu na kupanga kazi upya, kila nikiona karatasi mpya imebandikwa ubaoni kando ya kantini. Leo nazisoma karatasi hizo bila wasiwasi, na wenzangu huniletea za kwao niwasomee. Naandika kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli ambao masika ikikaribia husoma ubao kabla hata ya kunywa chai.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulinipotezea miezi. Mtoto wa kaka yangu alinichapishia saiba orodha ya maneno ya biashara, kurasa sita au saba, kuanzia A hadi Z. "Shangazi, yakariri haya tu. Ukiingia ofisini nayo, watakuheshimu." Nikakariri kila usiku baada ya Isha: "downsize", "restructure", "streamline". Tafsiri nilizijua zote. Nisilolijua ni kila neno linamfanyia nini mtu wa mshahara, na hilo orodha haikuwa nalo.

Msimu ule uvumi ulienea kuwa watu watapunguzwa, wenzangu wakaniomba niandikie ofisi. Nikaandika kwamba hatutaki mtu yeyote awe "fired". Jibu likaja la mstari mmoja: hakuna anayekuwa "fired". Tulishangilia pale kantini. Wiki mbili baadaye watu wanne wa bustani wakapewa barua za kuondoka.

Iliniuma sana, na iliniuma zaidi nilipotambua kwamba ofisi haikuwa imedanganya. "Fire", na mwenziwe "sack", kwa kawaida hutumika mtu anapofukuzwa kwa jambo lake mwenyewe: ameiba, amekuja amelewa, kazi imemshinda. Wale wanne walikuwa "made redundant", yaani nafasi zenyewe zimeondolewa na wao hawana kosa. Mimi niliuliza habari ya jambo moja, ofisi ikafanya jingine. Na tofauti ya maneno haya mawili ni pesa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka anayeondolewa kwa njia hii apewe notisi ya si chini ya mwezi mmoja, afisa wa kazi naye aarifiwe, siku za likizo alizobakiza zilipwe, tena apate malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mmoja wao alikuwa na miaka kumi na miwili pale. Hizo ni siku 180! Naye alikuwa ameshashika kalamu atie saini karatasi ya mshahara wa mwezi mmoja. Kilichomwokoa ni kwamba "redundant" lilikuwa limeandikwa kwenye barua yake mwenyewe, mstari wa tatu. Nilimwekea kidole pale, akaiweka kalamu chini.

"Lay off" liangalie kwa makini. Waingereza hulitumia zaidi kwa kusimamishwa kwa muda kazi ikiwa haba, Wamarekani hulitumia hata kwa kuondolewa moja kwa moja. Katika mji huu ambapo hoteli nyingi hufunga wakati wa mvua, ukilikuta neno hilo uliza hapo hapo: narudi lini?

Orodha ile niliiacha. Nikanunua daftari la bei ndogo tu, nikawa nanakili sentensi nzima kutoka ubaoni, kisha chini yake naiandika kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili chetu kinasaidia kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilikuwa nachanganya "rise" na "raise". Sasa sichanganyi, kwa sababu "rise" ni kupanda na "raise" ni kupandisha. "Fall" ni kushuka, "lower" ni kushusha. Kinachopanda kimepanda, kinachopandishwa kina mpandishaji. Basi nikikuta imeandikwa kwamba idadi ya wafanyakazi "will fall", nauliza: itashuka yenyewe kama maji yanapokupwa, au kuna anayeishusha? Swali hilo niliwahi kuliuliza kwenye mkutano, nikajibiwa kwamba ni watu wawili wanaostaafu na nafasi zao hazitajazwa. Wengine tukalala usingizi.

Halafu kuna "by" na "to", vineno vidogo kuliko vyote. Mwenzetu wa jikoni alipokea barua kwamba mshahara wake utakuwa "reduced by 30 per cent" kwa miezi mitatu. Alikuwa akipata 24,000. Mtu alimsomea akamwambia atabaki na 7,200, mama wa watu akakaa kwenye gunia la viazi akalia. Asilimia 30 ya 24,000 kweli ni 7,200, lakini "by" inataja kinachokatwa. Angebaki na 16,800. Ingeandikwa "to 30 per cent", hapo ndipo 7,200 ingekuwa ya kubaki nayo. Nilimchorea kwa penseli kwenye boksi la nyanya: "by" ni "kwa", "to" ni "hadi". Makato yenyewe bado yalikuwa machungu, na sheria inataka mfanyakazi ashauriwe kabla mambo kama hayo ya mkataba hayajabadilishwa. Tulikwenda naye kuuliza.

Sasa lile ninalojivunia kuliko yote. Meneja Mwitaliano alibandika karatasi kwa Kiingereza, aliyoiandika mwenyewe: "Actually the laundry has eleven workers. Eventually it will be outsourced." Kila aliyeisoma alielewa hivi: kwa hakika dobi lina watu kumi na mmoja, na mwishowe kazi yake itapewa kampuni ya nje. Mashuka yachukuliwe na lori, sisi twende nyumbani. Msichana mmoja wa kupiga pasi alipanda matatu kesho yake kwenda Watamu kutafuta kazi.

Mimi ile "actually" ilinikereketa. Tuko kumi na mmoja, na hakuna aliyebisha, kwa nini atuambie "kwa hakika"? Siku mbili niliizungusha kichwani. Nilikuwa napiga pasi foronya, nikajikuta naisoma karatasi ile kwa sauti ya Kiitaliano. Attualmente. Eventualmente. Pasi niliisimamisha pale pale. Kwa Kiitaliano "attualmente" ni kwa sasa, na "eventualmente" ni pengine, ikitokea haja. Alikuwa amewaza kwa lugha yake, akaandika maneno ya Kiingereza yanayofanana na yake kwa sura lakini maana ni mbali.

Nikaenda ofisini, nikamuuliza kwa Kiitaliano: "Hili la dobi ni lazima, au ni pengine?" Akashangaa. "Pengine! Mashine kubwa ikifa na vipuri vikakosekana." Nikamweleza watu wamesoma nini. Alishika kichwa. Nikamwomba aandike upya, nikasimama hapo hapo mpaka akamaliza: "The laundry currently has eleven workers. It may be outsourced if the main machine cannot be repaired." Yaani, dobi kwa sasa lina watu kumi na mmoja, na huenda kazi yake ikapewa kampuni ya nje iwapo mashine kubwa haitatengenezeka. Hiyo "if" niliing'ang'ania mimi, kwa sababu "may" peke yake inaweza kuamka nawe asubuhi yoyote.

Karatasi ya zamani niliibandua kwa mkono wangu, mpya nikaibandika kwa pini nne. Yule msichana alirudi kutoka Watamu Jumatatu. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, kisha akaja tukashikana naye shuka kubwa kulikunja, yeye ncha mbili, mimi mbili. Tulipokutana katikati akaniuliza "currently" ina r ngapi, anataka kuiandika kwenye daftari lake.

Nikamwambia mbili.