Wabash Avenue mezani kwangu

Jamani kwenye reli yangu ndogo ya mfano, kona ya mitaa ya Wabash na Lake imesimama leo na furaha niliyonayo siwezi kuificha 😊 Mlioko Chicago mnaijua ile reli ya juu ya Loop, imezunguka katikati ya mji tangu 1897, treni juu ya nguzo za chuma, magari chini, sasa mimi naijenga kwa skeli ya HO, yaani 1 kwa 87, upana kati ya reli na reli ni milimita 16.5 tu.

Maghorofa ndo yanakula nafasi, jengo la mita 30 ni kama sentimita 34 kwenda juu, kwa hiyo yale ya nyuma nayakata yabaki unene wa vidole viwili nayabandika ukutani na jicho halishtuki kabisa.

Ila raha yangu kubwa ni migongo ya nyumba za upande wa kaskazini wa mji, maana abiria wa treni ile ndo anayoiona, ngazi na vibaraza vya mbao vya kijivu. Nimevitengeneza kwa vijiti vya kukorogea kahawa, nikavichana kwa wembe, nikapaka kijivu halafu wino mweusi uliozimuliwa na spiriti, unaingia kwenye nyufa za mbao yaani unaona kabisa zimepigwa theluji miaka na miaka.

Kutu ya nguzo ni unga wa chaki ya kahawia, naikoleza chini kwenye miguu maana huko ndo chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inarukia.

Sasa zamu ya taa za stesheni, mwenye uzoefu wa kuunga LED ndogo aje inboksi tafadhali 🙏